Bibi Mkonge Aende kwa Nani?

Kaeni vizuri. Mwenye simu aizime, mwenye kikohozi akohoe sasa hivi, maana nikishaanza sipendi kudakiwa maneno. Maswali ya hadithi hii ni yangu mimi, nitayauliza mwishoni, na leo sitaki majibu ya kunifurahisha.

Korogwe palikuwa na watu watatu wenye ugonjwa mmoja. Walipenda mashine za kupiga chapa, zile za zamani, za chuma kitupu, zinazolia ta-ta-ta na kengele ikagonga mstari ukifika mwisho. Dunia nzima imeshahamia kwenye kompyuta, wao kila Jumamosi mchana wamekaa kwenye karakana wanabishana juu ya springi na utepe wa wino. Watu wa nyumbani kwao walishachoka kuwasema.

Wa kwanza ni Mwajabu, na huyu ndiye nitakayemfuata nyuma nyuma mpaka mwisho, kwa sababu uchungu wake naujua. Mwajabu alijaliwa vidole. Alikuwa na meza yake barazani, jirani na ofisi ya ardhi, anawapigia watu chapa mikataba ya kuuziana mashamba na barua za maombi. Mteja akisimulia, yeye anapiga. Mteja akimaliza kuvuta pumzi, karatasi imeshatoka, safi, haina kosa. Kazi hiyo ndiyo iliyokuwa ikimlisha yeye na mama yake.

Wa pili ni fundi Semkiwa, mwenye karakana. Huyu alijaliwa masikio na mikono. Ukimpigia mashine yako mistari miwili tu, bila hata kuigeukia anakwambia chuma gani kimepinda. Mtu mpole, ana sauti ya chini, na ukimwona hivyo huwezi kumdhania kitu.

Wa tatu ni Mwalimu Shemdoe, aliyefundisha hesabu mpaka akastaafu. Yeye alijaliwa jicho la mpangilio. Akiingia nyumbani kwako, hajaketi bado, ameshaona kwamba kabati lako limekaa upande usiofaa. Na atakwambia, mwalimu huyo, wala hatakuomba radhi.

Sasa basi, chanzo cha yote ni kidole. Kidole kidogo cha kushoto cha Mwajabu kilianza kukakamaa. Asubuhi hakikunjiki, jioni kinawaka moto. Jumamosi moja alikishika mbele ya wenzake akasema, "Jamani, hiki kikifa, na mimi nimekufa."

Mwalimu akamwambia alete mashine yake pale mezani. Akaitazama vitufe.

"Unajua kinachokuua, Bi Mwajabu? Ni a. Tazama ilipokaa. Pembeni kabisa, chini ya kidole dhaifu kuliko vyote. Hebu nitajie sentensi moja ya Kiswahili isiyo na a."

Mwajabu akafikiri, akacheka, akashindwa.

"Na hii q je?" Mwalimu akaendelea, ameshapandwa na mori. "Imekaa juu huku imestarehe, haijawahi kufanya kazi Korogwe hata siku moja! Aliyezikalisha herufi hizi hakuwa anatufikiria sisi. Zikipangwa upya kwa ajili ya Kiswahili, kidole chako kitapumzika."

Fundi Semkiwa akajikuna kidevu. "Kuzihamisha kunawezekana. Kila herufi imeunganishwa kwa risasi ya kulehemu kwenye mkono wake wa chuma. Unaiyeyusha, unaibandua, unaipeleka kwingine. Kazi yake ni ya kipumbavu, lakini inawezekana."

Wakatazamana. Nyie mnajua watu wenye ugonjwa mmoja wakitazamana vile inakuwaje. Wakaagiza kahawa ya tangawizi, wakaweka mikono yote sita juu ya meza, wakaahidiana: watatengeneza mashine ya kwanza yenye vitufe vilivyopangwa kwa Kiswahili, na hakuna jambo litakalofanyika juu ya mashine hiyo bila wote watatu kujua. Shikeni hapo. Bila wote watatu kujua.

Kazi ikaanza kwa Mwalimu. Alikusanya magazeti, mahubiri, mikataba ya Mwajabu, hata matangazo ya misiba, akawa anahesabu ni herufi gani inatumika zaidi na ipi humfuata nani. Kisha akaokota visoda, vile vizibo vya chupa za soda, akaandika herufi moja juu ya kila kisoda, akavitandaza kwenye meza ya kulia chakula. Anavipanga, anavipangua. Mkewe na wajukuu wakahamia kula mkekani. Majirani wakaanza kusema kwamba mwalimu wa watu kastaafu vibaya, anacheza na visoda. Hakujali. Mwisho akauleta mpango wake umechorwa kwenye karatasi ngumu, na a imekaa katikati, chini ya kidole cha shahada cha mkono wa kulia, inapigwa bila jasho. Mwajabu alipouona alitokwa na machozi. Hakuna aliyewahi kukihangaikia kidole chake kiasi kile.

Fundi naye akatoa mashine. Tena si mashine ya kuokota. Marehemu baba yake alikuwa karani kwenye shamba la mkonge, na shamba lilipofungwa, mashine ya ofisini alipewa yeye. Kubwa, nyeusi, nzito kiasi cha kumtoa mtu ngiri. Waliiita Bibi Mkonge. Semkiwa akaiyeyusha herufi moja baada ya nyingine, moshi wa risasi unamwingia machoni, na kila herufi inataka kukaa wima sawasawa, ikilala kidogo tu maandishi yanacheza ngoma. Alipomaliza, macho yalikuwa mekundu, na mpaka leo hayajarudi kama yalivyokuwa. Daktari alimwambia kazi ya namna ile asiirudie tena maishani.

Mwajabu akatoa vidole. Mtaniambia, vidole ni nini, mbona anavyo bado? Hamjui. Vidole vya mpiga chapa vimekariri, havimuulizi mwenyewe. Ili vijifunze mpango mpya, lazima visahau ule wa zamani, na wapenzi wa vitufe wote wanajua dawa yake: unafunga kama saumu. Huugusi kabisa ule wa zamani, hata kwa bahati mbaya, kwa sababu ukichanganya utabaki hujui huku wala kule. Basi Mwajabu akafunga. Na ili asije akashawishika, na kwa kuwa Bibi Mkonge alihitaji springi ambazo haziuzwi tena popote, akampa fundi mashine yake mwenyewe ifunguliwe vipuri. Ndiyo, ile iliyokuwa ikimlisha. Akawa anauza vitumbua pale pale barazani, kwenye meza ile ile, na wateja wake wa zamani wanapita wanamtania: "Vipi Mwajabu, siku hizi unapiga chapa kwa mafuta?"

Anacheka nao. Jioni anakwenda karakanani kujifunza upya kama mtoto wa darasa la kwanza.

Na hapo ndipo lilipotokea la kwanza. Mwalimu alikuwa amepanga vitufe kwa hesabu, lakini hakuwahi kuufikiria mwendo wa chuma. K aliiweka ubavuni mwa a, kwa vile kwenye Kiswahili hizi mbili haziachani. Kwenye kompyuta hilo halina neno. Kwenye mashine ya chuma, mikono miwili iliyo jirani ikiruka kwa pamoja inagongana njiani na kukwama. Mwajabu akiandika "kaka" kwa kasi, vyuma vinashikana mashati. Ikawa kila mstari anatia kidole ndani kuvitenganisha, kidole kinatoka na wino na damu.

"Tumwambie Mwalimu," alisema Mwajabu.

"Umwambie wewe," alisema fundi. "Mimi naujua moyo wake. Ukimgusa mpango wake anaondoka na karatasi yake, na kazi yote imekufa."

Mwajabu akanyamaza. Mnaujua ule unyamavu ambao ni jibu. Fundi akaihamisha K upande wa pili, M akaileta mahali pake, na kuanzia siku hiyo mashine ikaimba. Mwalimu hakuambiwa. Alikuja, akasikia mlio, akapiga makofi, akasema, "Mnaona? Hesabu haidanganyi!" Wale wawili wakainamia kahawa yao.

Siku zikaenda, vidole vikashika. Tanga mjini kulikuwa na mkutano wa wapenzi wa mashine za zamani, na mwenyekiti wao alikuwa Bi Nuswe, mama mfupi mwenye sauti ya kukata. Katikati ya mkutano ule kulikuwa na shindano: maneno yanasomwa kwa sauti, washindani wanapiga, mwenye kasi na usafi ndiye mshindi. Watatu wetu wakampakia Bibi Mkonge, wakaenda.

Mwajabu alipoketi watu waliona vitufe vimepangwa ajabu, wakaguna. Msomaji akaanza. Lo! Wengine walipokuwa wakitafuta pumzi, yeye anageuza mstari. Kengele yake iligonga mpaka washindani wenzake wakaacha kupiga wamsikilize. Alipoinua mikono, karatasi haikuwa na kosa, na kidole kidogo cha kushoto hakikuuma hata kidogo. Ukumbi ukalipuka. Mwajabu alilia mbele za watu bila haya, akaona maisha yake yamerudi. Kesho angerudi barazani na Bibi Mkonge, na wale wa "chapa kwa mafuta" wangempangia foleni.

Furaha hiyo, jamani, haikupata hata kutulia mwilini. Walitokea watu wawili wenye kabati la kioo.

"Tumekuja kuchukua mashine," alisema mmoja wao. "Ni ya maktaba. Mwalimu Shemdoe alishatukabidhi kwa maneno zamani."

Mwajabu akadhani wamekosea mlango. Akamgeukia Mwalimu, na Mwalimu hakumtazama.

"Mwalimu? Watu hawa wanasema nini?"

"Bi Mwajabu, nisikilize," alisema Mwalimu. "Ukiipeleka barazani, mvua, vumbi, mikataba ya mashamba, itachakaa, na hakuna atakayejua kwamba Kiswahili kiliwahi kuwa na vitufe vyake. Ndani ya kioo watu wataiona. Siku moja atatokea mtu atengeneze nyingi, kila mpiga chapa apate ya kwake. Wewe unafikiria kidole kimoja. Mimi nafikiria vidole vyote."

"Uliwaahidi lini?"

"Tangu mwanzo."

Tangu mwanzo! Yaani siku alizokuwa akikaanga vitumbua, mwenzake ameshaitoa mashine kwa watu. Mwajabu akamkimbilia fundi, mpole wa watu, mwenye sauti ya chini. "Fundi, mwambie! Mwambie kwamba mashine ni ya kufanyia kazi!"

Fundi Semkiwa alikuwa ameshika kopo la maziwa ya unga. Akalitikisa, likalia kwa chuma.

"Haendi kwenye kioo," alisema. "Wala haendi barazani, dada Mwajabu. Humu mna mikono ya asili ya Bibi Mkonge, na herufi zake bado ziko vilevile alivyozigusa baba. Zile tulizotumia zilitoka kwenye mashine mbovu. Nilimwapia baba akiwa kitandani kwamba mashine hii itarudi kama alivyoiacha. Nawaonyesha leo tumeweza, kesho namrudishia mikono yake."

"Na mimi?" Mwajabu aliuliza. "Mashine yangu iko wapi, Fundi? Si uliifungua kwa mikono yako? Springi zangu si zimo humo ndani?"

"Zimo."

"Mbona hukuniambia?"

Fundi akainamisha kichwa. "Ningekwambia, usingeitoa."

Hebu sikieni neno hilo. Hakumpiga, hakumtukana, hakumwibia kwa nguvu. Alimwambia ukweli tu, na ukweli wenyewe ndio uliomchoma Mwajabu kuliko kitu kingine. Walimzunguka wote wawili, kila mmoja kwa upande wake, huku wanakunywa naye kahawa. Akamkumbatia Bibi Mkonge kwa mikono yote miwili akasema asiguswe na mtu.

Mwalimu kuona hivyo akataka kuwaeleza watu. "Jamani, mpango huu ni wa kwangu, kila kitufe nimekikalisha mimi. Tazameni, hii hapa K, ubavuni mwa a." Akabonyeza mbele ya umati, macho yake kwa watu, si kwenye vitufe. Kwenye karatasi ikatoka M.

Akabonyeza tena. M.

Mwalimu alimtazama fundi, kisha akamtazama Mwajabu, na Mwajabu, aliyekuwa analia kwa kusalitiwa, akajikuta hana pa kuweka uso. "Mmeihamisha," alisema Mwalimu polepole. "Na mkanyamaza. Nilipokuwa napiga makofi kule karakanani, mlikuwa mnanicheka."

"Hatukukucheka, Mwalimu. Vyuma vilikuwa vinagongana."

"Si mngeniambia!"

Bi Nuswe, ambaye muda wote alikuwa amesimama kando mikono kiunoni, akaita kiti, akakaa, akawasimamisha watatu hao mbele yake mbele ya watu wote.

"Kwanza nawauliza la maana. Si mnaweza kugawana? Mmoja leo, mwingine kesho?"

"Mama, haiwezekani," alisema fundi. "Mikono ikibadilishwa mara hii, chuma hakitakubali kufunguliwa tena. Kimechoka. Na mimi macho yangu hayatarudia."

"Si mtengeneze nyingine?"

"Kwa macho ya nani?"

"Kompyuta je? Nasikia huko vitufe vinabadilishwa upesi tu."

Mwajabu akajibu mwenyewe. "Sina kompyuta, mama. Na barazani kwangu hakuna umeme."

Bi Nuswe akavuta pumzi. "Haya. Mwalimu, sema kweli. Ungeambiwa K yako imehamishwa, ungefanya nini?"

Mwalimu alifikiri, na kwa heshima yake hakudanganya. "Ningeichana karatasi yangu na kwenda nyumbani."

"Fundi, ungeambiwa mashine ya baba yako itafungiwa kwenye kioo na herufi za kigeni, au itachoshwa barazani?"

"Nisingeitoa stoo."

"Na wewe mwanangu Mwajabu. Ungejua habari za kioo na habari za kopo, ungetoa mashine yako na vidole vyako?"

Mwajabu akaitazama mikono yake. "Nisingetoa hata kimoja."

"Basi mngeambiana ukweli," alisema Bi Nuswe, "hiki kitu kisingekuwepo."

Akamfunika Bibi Mkonge kwa sanduku lake, akalifunga, ufunguo akaufundika kwenye pindo la kanga. Akasema hampi mtu mpaka apate hukumu atakayoweza kulala nayo. Kikombe cha ushindi kilibaki mezani, hakuna aliyekumbuka kukibeba. Watatu hao walirudi Korogwe kila mtu na basi lake.

Siku hizi karakanani Jumamosi hapana kahawa. Mwalimu amevirudisha visoda mezani lakini havipangi. Fundi anavaa miwani nyeusi. Na Mwajabu alijaribu kurudi kwenye kazi yake. Aliazima mashine ya kawaida, akaiweka barazani, akaja mjane mmoja kuandikiwa mkataba wa shamba la marehemu mumewe. Mwajabu akapiga kama alivyozoea, kwa kasi, bila kutazama, akamkabidhi karatasi. Mjane aliigeuza juu chini, chini juu. Kila palipotakiwa a palikuwa na j. Akaikunja kwa adabu, akasema, "Ahsante mwanangu, ngoja nijaribu pale mbele," akaenda zake. Mwajabu akarudisha mkono wa kushoto kwenye a ya zamani, na kidole kidogo hakikukunjika. Akakaa pale mpaka baraza ikafungwa, hasira zimemjaa kifuani, na hakuna hata mmoja katika wale wawili ambaye yeye anaweza kumchukia kikamilifu, na hilo ndilo linalomtesa zaidi.

Haya. Nimemaliza yangu, sasa ni zamu yenu. Msiniambie Bibi Mkonge agawanywe, mmesikia hagawanyiki. Msiniambie wasameheane kwanza, hilo halifungui sanduku. Mwalimu alitoa mpango, na akaahidi kisicho chake. Fundi alitoa mashine na macho yake, na akaficha kopo. Mwajabu alitoa vidole na chakula cha mama yake, na akanyamaza kimya aliponyamaza. Toa kimoja katika hivyo vitatu, Bibi Mkonge hayupo.

Wewe hapo uliyejiegemeza ukutani unanikodolea macho. Bi Nuswe amefungua pindo la kanga, ufunguo kakupa wewe. Unamfungulia nani? Na wale wawili unaowaacha, utawatazama usoni uwaambie nini?

Lakini usikae sana kufikiri. Jana Mwajabu alitandaza vidole juu ya meza tupu ajikumbushe kitufe cha k kilipo, na kidole kikasita. Vimeanza kusahau na huu mpango mpya.